Fundi Anajibu: Kalibu Ipi Inafaa kwa Miche ya Risasi?

Barua nyingi za mwezi huu zinahusu jambo moja, nalo ni kuyeyusha risasi nyumbani na kuihifadhi kwa ajili ya chubwi za mishipi, vizito vya nyavu na mikanda ya wazamiaji. Nimechagua nne. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu kwa sababu majibu yanayofuata yanaiegemea.

SWALI: Fundi, salaam. Mimi ni mvuvi wa mshipi hapa Pangani. Miaka yote nimekuwa nikinunua chubwi dukani, lakini sasa fundi wa matairi aliye jirani yangu ananiuzia kwa bei nafuu vile vipande vya risasi vinavyopachikwa kwenye rimu ili kubalansi magurudumu. Nataka kuviyeyusha vyote, nivisubu viwe miche ya akiba, kisha nitengeneze chubwi kidogo kidogo kusi linaponizuia kutoka. Wenzangu kila mmoja ana njia yake: wa kwanza humimina katika mikebe ya maziwa ya unga, wa pili katika trei ya keki ya mkewe, na wa tatu huchimba vishimo katika mchanga wa ufukweni. Nichague kalibu ya namna gani?

JIBU: Ndugu yangu, kati ya njia hizo tatu, ile ya mchanga iache leo hii kabla hatujaendelea. Mchanga wa ufukweni huonekana mkavu juu huku chini ukiwa na unyevu, na chumvi iliyomo huvuta maji kutoka hewani usiku kucha. Risasi huyeyuka kwenye nyuzi 327 za Selsiasi, yaani joto linalozidi mara tatu lile la maji kuchemka; tone la maji likifunikwa na risasi ya moto hugeuka mvuke papo hapo, na mvuke huo huhitaji nafasi ya takriban mara 1,700 ya ile iliyokuwa ya maji. Kwa kuwa umefunikwa, hauna pa kutokea ila kwa kuirusha risasi iliyo juu yake, nayo humrukia usoni yule aliyeinamia shimo.

Mkebe wa maziwa una kasoro ya namna nyingine. Kuta zake zimesimama wima, na mwili wake una matuta yanayouzunguka, kwa hiyo risasi ikishaganda hung'ang'ania humo na mche hautoki mpaka mkebe uchanwe kwa koleo. Isitoshe, ni mkubwa kupita kiasi. Sentimita moja ya ujazo ya risasi ina uzito wa gramu 11.3, na kwa hesabu hiyo mkebe wa nusu lita uliojaa unabeba zaidi ya kilo tano na nusu. Hicho si kipande cha kutia katika chungu kidogo cha kusubia chubwi. Hiyo ni nanga.

Trei ya keki ndiyo iliyokaribia. Vikombe vyake vimepanuka kuelekea juu, na huo mlazo wa ukuta ndio unaoifanya kalibu yoyote iuachie mche bila ugomvi. Hata hivyo, trei nyingi za madukani ni za bati jembamba. Kikombe cha mililita 80 kikijazwa hubeba karibu gramu 900, na trei ya vikombe 12 iliyojaa ina kilo kumi na ushei za kimiminika cha moto, zikiwa zimebebwa na bati linalopinda mara tu ukilishika upande mmoja. Zile trei zinazong'aa mara nyingi zimepakwa stani, ambayo huyeyuka kwenye nyuzi 232 na kushikamana na risasi barabara, na ndiyo maana mafundi wa redio kwa miaka mingi wametumia mchanganyiko wa metali hizo hizo mbili kuwa lehemu. Zile nyeusi zenye mpako wa kuzuia keki kugandia ni mbaya zaidi, kwa kuwa mpako huo haukutengenezwa kwa joto hili na huanza kuharibika na kutoa moshi wenye madhara. Ipo sababu nyingine ya kuikataa trei, tena kubwa kuliko zote hizi, ambayo nimeieleza katika barua ya pili.

Ninachokushauri ni kalibu ya engo, kile chuma cha pembe ambacho mafundi hutengenezea fremu za vitanda na mageti. Nenda kwa fundi wa kuchomelea ukamwombe mabaki, kwani kazi hii haihitaji chuma kipya. Engo ya milimita 40 kwa 40 yenye unene wa milimita 4, ikikatwa urefu wa sentimita 15, ikalazwa mdomo ukitazama juu na kuzibwa ncha zote mbili, inakuwa mfereji wa umbo la V unaobeba kilo 1.1 ukijaa hadi ukingoni. Ukiuacha pungufu kidogo unapata mche wa kilo moja, na huo ndio ukubwa ninaoupendelea kwa mtu anayefanya kazi peke yake: unashikika kwa mkono mmoja, unahesabika bila mizani, na unaingia katika chungu chochote cha maana. Fundi alaze vile vibati vya kuzibia ncha kidogo kuelekea nje badala ya kuvisimamisha wima, tena achomelee kwa upande wa nje tu, kwa sababu uvimbe wowote wa lehemu uliobaki ndani utaushika mche kama ule mkebe. Kisha aunganishe mifereji minne au mitano juu ya ubapa mmoja wa chuma, aiwekee miguu ili isiyumbe, na mkono mrefu wa kuinulia. Mwambie asitumie chuma kilichopakwa zinki. Moshi wa zinki utamletea yeye homa jioni ile ile, na zinki yenyewe itaichafua risasi yako kwa njia nitakayoieleza hivi punde.

Kama huko kwenu wapo wanaosubu sufuria za alumini, kalibu ya alumini nene ni nzuri pia. Haishiki kutu, risasi haiigandii, na hupoa upesi, hivyo unaweza kumimina mara nyingi kwa siku moja. Kalibu za chuma cha kusubu zinazouzwa ng'ambo nazo hudumu, ingawa ni nzito, huchelewa kupoa na hupasuka zikiangushwa. Jambo la kuzingatia ni kutochanganya kalibu na chungu. Kalibu ya alumini hupokea risasi iliyokwisha kutoka motoni, ilhali sufuria ya alumini ikifanywa chungu hukaa juu ya makaa yanayopulizwa, ambayo joto lake linaweza kupita zile nyuzi 660 zinazoyeyusha alumini, na hata kabla ya hapo kitako huanza kulegea. Sufuria iliyobeba kilo kumi za risasi ikitoboka, haitoi taarifa. Chungu kiwe cha chuma kinene, na wala hakihitaji kuwa kikubwa, kwani kilo kumi za risasi hazifiki hata lita moja. Kipande cha bomba nene la chuma kilichochomelewa kitako cha ubapa kinatosha. Mtungi wa gesi wa zamani usikatwe kwa kazi hii, hata kama umekaa mtupu miaka mingi.

Sasa niseme kuhusu vile vipande vyenyewe. Si vyote ni risasi. Katika nchi za Umoja wa Ulaya, vipande vya risasi vilipigwa marufuku kwa magari mapya ya abiria mwaka 2005, na nafasi yake ikachukuliwa na zinki na chuma, kwa hiyo ndoo ya fundi wa matairi huwa na mchanganyiko. Vingi vimepigwa chapa: Pb ni risasi, Zn ni zinki na Fe ni chuma. Kisicho na chapa kibane kwa koleo ya kukatia. Risasi hukubali meno ya koleo bila ubishi, zinki hukataa. Hata ukichambua kwa makini, vichache vitakuponyoka, na hapo ndipo moto wa wastani unapokusaidia. Zinki huyeyuka kwenye nyuzi 419, hivyo ukiwa umeiweka risasi katika nyuzi 350 hadi 400, vipande vya zinki huelea juu pamoja na vibanio vya chuma, nawe unavichota kwa upawa wenye matundu. Moto ukizidi, zinki nayo huyeyuka na kujichanganya, na risasi yote huwa uji usiotaka kujaza pembe za kalibu. Ukiona uso wa risasi safi umeanza kuota rangi za zambarau na buluu, moto umepita kiasi, punguza makaa.

Kalibu mpya ya chuma huwa na mafuta ya kiwandani, kwa hiyo ichome kwanza mpaka iache kutoa moshi, kisha ipitishe juu ya ndimi za kibatari ili ndani ishike masizi meusi. Masizi hayo ndiyo yanayoizuia risasi isigande kwenye chuma. Usipake mafuta ya kupikia wala grisi, maana yatafuka na kuwaka. Siku ya kazi, ipashe kalibu pembeni mwa jiko mpaka iwe moto kiasi cha kutoshikika, hata kama ilikaa kavu kabatini, kwa sababu hewa ya pwani huacha unyevu juu ya chuma baridi ambao macho hayauoni. Iweke juu ya bamba la chuma lililokaa sawasawa. Usiimiminie juu ya sakafu ya saruji, kwa kuwa saruji nayo hunywa maji, na risasi ikimwagika juu yake inaweza kuibanjua vipande kwa kishindo. Upawa nao upashwe moto kabla ya kuingia chunguni, na kipande chochote cha risasi unachoongeza kikaushwe kwanza ukingoni mwa jiko.

Ukishamimina, tazama. Uso wa mche unaong'aa hufifia ghafla, rangi yake ikawa ya kijivu. Huo ni mwanzo wa kuganda, si mwisho, kwani ndani bado ni maji. Subiri dakika kadhaa, kisha ipindue kalibu juu ya ubao mkavu na uigonge mgongoni mara moja. Utaona kibonde katikati ya mche. Hakina ubaya, kwani risasi hupungua ujazo kwa takriban asilimia tatu na nusu inapoganda. Usiumwagie mche maji ili upoe haraka, maana tone moja likiirukia kalibu ya jirani utarudi kwenye hadithi ya mchanga.

Kazi yote hii ifanyike nje, upepo ukikupiga ubavuni, ukiwa umevaa miwani ya kinga, viatu vilivyofunika mguu wote, suruali iliyoshuka juu ya viatu, na glavu za ngozi. Nguo za nailoni huyeyukia mwilini, kwa hiyo vaa pamba. Barakoa ya kitambaa haizuii vumbi la risasi; tafuta ile yenye vichujio vya vumbi laini, hasa kwa saa ya kukwangua uchafu unaoelea juu ya chungu. Uchafu huo ni unga wa oksidi, nao ndio wenye madhara zaidi katika shughuli nzima. Uweke katika kopo la chuma lenye kifuniko, kavu, na usiumwage uani.

SWALI: Asalaam aleikum, Fundi. Mume wangu husubu vizito vya nyavu nyuma ya jiko letu hapa Likoni, na miche yake huiweka katika ndoo mvunguni mwa kitanda. Watoto wameshaitoa wakaifanya magari ya kuchezea. Baadhi imeota unga mweupe. Tena alichukua trei yangu ya keki akaitumia, na sasa anasema niisugue kwa stilwaya niendelee kuokea. Je, ni sawa? Na miche hiyo tuihifadhi wapi?

JIBU: Waaleikum salaam, dada. Trei hiyo si ya jikoni tena. Risasi huingia katika mikwaruzo midogo isiyoonekana, na ukiisugua kwa stilwaya hutaiondoa ila utaigeuza vumbi ambalo litakwenda kwenye vidole, kwenye sinki na kwenye unga wa keki ya kesho. Hii ndiyo sababu ninayopinga vyombo vya kupikia kufanywa kalibu: hata mtu akiapa kuwa chombo kimehama, siku ya haraka mtu mwingine wa nyumbani atakiokota na kukirudisha mezani. Kalibu nzuri ni ile ambayo hakuna anayeweza kuidhania kuwa ni chombo cha chakula, na mfereji wa engo wenye mkono mrefu hauna anayeutamani. Mwachie mumeo trei hiyo au itoboe na kuitupa, na yeye akununulie nyingine.

Hilo la watoto ni zito kuliko trei. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi katika damu kinachojulikana kuwa salama, na kwamba mtoto mdogo hufyonza mara nne hadi tano ya kile anachofyonza mtu mzima kutokana na risasi iliyoingia tumboni. Madhara yake makubwa ni katika ubongo unaokua, nayo huja bila dalili za kuonekana. Maumivu ya tumbo, kufunga choo na kupungukiwa damu hujitokeza pale kiwango kinapokuwa kimepanda sana. Kwa hiyo, usisubiri dalili. Wapeleke watoto hospitali, umweleze daktari waziwazi kwamba nyumbani kuna risasi inayoyeyushwa, na uombe kipimo cha risasi katika damu. Kama wewe mwenyewe ni mjamzito, pima pia, kwa sababu risasi huvuka kondo la nyuma na kumfikia mtoto. Dagaa na vyakula vingine vyenye chuma na kalisi ni vya kuzingatia kwa watoto, kwani mwili uliopungukiwa na madini hayo hufyonza risasi zaidi, lakini chakula hakichukui nafasi ya kuondoa chanzo.

Ule unga mweupe ni risasi iliyoliwa na unyevu na hewa yenye asidi, na hushika mkononi kwa urahisi kuliko mche safi. Usiufagie wala kuupuliza. Vaa glavu za mpira, upanguse kwa kitambaa kilicholoa maji ya sabuni, kifunge kitambaa hicho ndani ya mfuko, kisha pangusa sakafu ya mvunguni kwa namna hiyo hiyo zaidi ya mara moja, ukibadilisha maji. Godoro na zulia lililokuwa karibu litolewe nje.

Miche itoke ndani ya nyumba kabisa. Kibanda cha nje chenye kufuli kinafaa, ilimradi paa halivuji na hakipo juu ya kisima wala kando ya tangi la maji ya mvua. Tumieni makasha magumu ya plastiki yenye vifuniko, yakiwa yameinuliwa kutoka sakafuni. Sanduku la mbao tupu silipendelei, kwa kuwa mbao nyingi hutoa mvuke wa uchachu unaoharakisha ule unga mweupe. Kwa sababu hiyo hiyo miche isikae chumba kimoja na siki wala betri za gari. Msijaze kasha. Watu huitazama ndoo ya lita 20 wakakumbuka uzito wa maji, lakini ndoo hiyo ikijazwa miche, hata ukitoa mianya yote ya katikati, hupita kilo 100. Mpini utang'oka kabla mgongo wa mtu haujavunjika, au kinyume chake. Kilo 15 kwa kasha moja zinatosha, na hapo ndipo faida ya mche wa kilo moja inapoonekana, kwa maana utahesabu miche 15 na kufunga. Juu ya kifuniko andikeni kwa rangi isiyofutika kwamba ndani mna sumu.

Mumeo naye asisubu tena nyuma ya jiko. Atafute mahali mbali na nyumba na mbali na panapoanikwa nguo, na akirudi avue nguo za kazi nje, zifuliwe peke yake, aoge kwa sabuni ndipo amshike mtoto. Kula na kuvuta sigara wakati wa kazi ni kuipeleka risasi mdomoni kwa mkono wake mwenyewe.

SWALI: Fundi, pole na kazi. Ninasaidia katika shule ya kuzamia hapa Nungwi. Vizito vyetu vya mikanda vimechakaa na tunataka kusubu vipya vya kilo moja na kilo mbili. Nitajuaje ukubwa wa kalibu kabla ya kuitengeneza? Na je, risasi ya rimu inafaa?

JIBU: Nimeshapoa, kaka. Ukubwa unapimwa kwa maji. Kilo moja ya risasi hukaa katika mililita 88 hivi, na kilo mbili katika mililita 176. Chukua kalibu ya majaribio, itie maji kwa bomba la sindano lenye alama za mililita hadi kimo unachotaka, soma kiasi kilichoingia, uzidishe kwa 11.3 na utapata gramu. Baada ya hapo weka alama kwa tindo kwenye ukuta wa kalibu. Bila shaka umeona kwamba umetia maji ndani ya chombo kitakachopokea risasi ya moto, kwa hiyo kipimo hicho kifanyike siku moja na kumimina kufanyike siku nyingine, kalibu ikiwa imepashwa moto katikati ya siku hizo mpaka hakuna shaka.

Mikanda mingi ya kuzamia ina upana wa sentimita tano, basi kizito kihitaji nyufa mbili zinazopitisha mkanda huo kwa nafasi ndogo. Nyufa hufanywa kwa kusimamisha ndani ya kalibu bapa mbili za chuma zilizopakwa masizi na zilizochongwa kwa tupa ziwe nyembamba kidogo upande utakaotokea mwisho. Zikiwa na unene uleule juu na chini, hutazitoa. Pembe zote za kalibu ziviringwe, kwani kizito chenye kona kali huumiza nyonga na kutoboa suti.

Risasi ya rimu inafaa, lakini ijue tabia yake. Huchanganywa na kiasi kidogo cha antimoni ili iwe ngumu, kwa hiyo kizito chake hakikubali kukunjwa kifuate mwili kama kinavyokubali cha risasi laini iliyotoka katika mabomba ya zamani. Ukikwaruza mche kwa msumari, ile laini huchimbika kwa urahisi na ile ngumu huteleza. Ndiyo maana nashauri miche ya aina mbili isichanganywe ghalani: ikipoa tu, igonge herufi kwa tindo, L kwa laini na N kwa ngumu, kwa sababu baada ya miezi michache zote zitakuwa na rangi moja ya kijivu na hutakumbuka ipi ni ipi.

Vizito vikiwa tayari, vipakeni rangi ngumu au kuvichovya katika plastiki ya kuyeyusha, maana vizito vitupu vikigongana ndani ya boti hutoa unga mweusi unaoshika mikononi mwa wageni na wa wafanyakazi. Ndoo ya kusuuzia vinyago na mirija ya kupumulia isitumike kusuuza vizito. Na kama shule ina uwezo, muulizeni muuzaji wenu kuhusu vifuko vya punje au vizito vilivyofunikwa plastiki kiwandani. Kwa vizito kumi au kumi na tano, sioni kama gharama ya kalibu, mavazi ya kinga na siku nzima ya kazi inarudi.

SWALI: Mzee wangu, shikamoo. Mimi ni kijana wa Temeke, nakusanya betri mbovu za magari. Nimeambiwa nikizivunja na kusubu miche nitauza kwa bei kubwa kuliko kuuza betri nzima. Nitumie kalibu gani ya miche mikubwa?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Kwa kazi hiyo sitakutajia kalibu. Kipande cha rimu ni metali iliyo tayari, lakini ndani ya betri sehemu kubwa ya risasi si metali. Ni uji wa oksidi na salfeti uliolowa asidi, ambao jiko la mkaa haliwezi kuusafisha, bali huugeuza vumbi na moshi. Pia sahani za betri huwa na kalisi, antimoni na pengine aseniki, na uchafu wake ukipata unyevu unaweza kutoa gesi zinazoua.

Huko Thiaroye-sur-Mer, kitongoji cha wavuvi karibu na Dakar nchini Senegali, watu walivunja betri kwa miaka mingi, na sehemu ya risasi hiyo ilikwenda kwenye vizito vya nyavu. Kati ya mwishoni mwa 2007 na mwanzoni mwa 2008 walikufa watoto 18, wakati udongo uliojaa mabaki ya betri ulipokuwa ukichekechwa ili kutafuta risasi iliyobaki. Karibu nasi zaidi ni Owino Uhuru, Mombasa, ambako kiwanda cha kuyeyusha betri kilichofanya kazi kando ya makazi kilifungwa mwaka 2014. Phyllis Omido, aliyewahi kuajiriwa na kiwanda hicho na ambaye mwanawe alikutwa na risasi katika damu, aliongoza madai ya wakazi na kupewa Tuzo ya Goldman ya Mazingira mwaka 2015. Mwaka 2020 mahakama iliamuru walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya. Hicho kilikuwa kiwanda chenye tanuri na mabomba ya moshi. Wewe una jiko na ua.

Uza betri zikiwa nzima, asidi yake ikiwa ndani, kwa mnunuzi mwenye kibali cha mamlaka ya mazingira, maana ukimwaga asidi kwanza umemwaga na risasi iliyoyeyukia humo, na mnunuzi wa halali atakukata bei. Hadi siku ya kuziuza, zipange zikiwa zimesimama wima juu ya trei ya plastiki yenye kingo, chini ya paa. Iliyopasuka itie peke yake ndani ya beseni la plastiki lenye kifuniko, na uvae glavu za mpira unapoihamisha.